VIWANJA VYA KALE VYA GOFU KULE USKOTI: ARDHI HII NI YA NANI?



Katika somo la historia tunajifunza wafalme, vita na mikataba. Historia ya kiwanja hatujifunze. Lakini kiwanja nacho kina historia, tena mara nyingine inatuonyesha watu ginsi walivyo kuliko historia ya wafalme. Katika karatasi hii tunataka kueleza juu ya viwanja vya kale vya gofu katika nchi ya Uskoti, ile ambayo kitabu chetu cha jiografia kinaiita Écosse. Ni nchi ya baridi na upepo, iko kaskazini ya Uingereza. Ndiyo ilimzaa Daktari Livingstone, yule aliyefika Nyangwe ku mto Lualaba mwaka wa 1871.

Wengine watasema: sisi na gofu, wapi na wapi? Hapa ku masomo tunacheza futuboli na voleboli, basi. Ni kweli, na wengi wetu hatujagusa fimbo ya gofu hata siku moja. Lakini wenzetu waliotoka Lubumbashi wanajua kwamba kule kuko kartie inayoitwa Golf, na waliofika Kinshasa wanajua kiwanja cha gofu cha Gombe. Jina limefika kwetu, lakini habari yake hatukuletewa. Na tukiichunguza habari hiyo, tunakuta si habari ya mchezo tu. Ni habari ya ugomvi wa miaka mingi juu ya ardhi ya wote: nani anaitumia, nani anaiuza, nani anafukuzwa. Jambo la namna hiyo tunalijua vizuri sana.

1. GOFU NI MCHEZO WA NAMNA GANI?

Mchezaji anakuwa na fimbo kadhaa na mpira mmoja mgumu, mdogo kuliko yai la kuku. Anauweka mpira chini, anaupiga, anaufuata, anaupiga tena, mpaka uingie katika shimo dogo lenye upana wa sentimeta 10 na kidogo. Shimo hilo linaweza kuwa mbali mita 100, au 300, au hata 500. Mpira ukisha kuingia, anakwenda kutafuta shimo la pili, kisha la tatu, mpaka yote yamalizike. Yule aliyepiga mara chache ndiye mshindi. Kwa hiyo katika gofu, mwenye alama nyingi ndiye aliyeshindwa. Ni kinyume cha mtihani wa serikali!

Mchezo huu unakula nafasi. Kiwanja kizima cha mashimo 18 kinaomba karibu hekta 50, mara nyingi na zaidi. Hapo tungepanga viwanja vya futuboli zaidi ya 60. Sasa ni rahisi kuelewa juu ya nini ugomvi haukukosa.

Zamani hakuna mtu aliyejenga kiwanja cha gofu. Watu walikikuta tayari. Katika pwani ya mashariki ya Uskoti, kati ya bahari na mashamba, kuko ardhi ya mchanga yenye vilima vidogo na nyasi fupi. Mahindi hayaoti hapo, ngano haioti. Kwa sababu haikufaa kulima, iliachwa kuwa ya watu wote wa mji. Mwenye kondoo alichunga, mvuvi alianika nyavu, mama alianika nguo, askari walifanya mazoezi, na vijana walicheza. Mashine ya kukata majani haikuwako. Kondoo na sungura ndio walikula nyasi na kuziacha fupi. Inasemwa kwamba hata yale mashimo ya mchanga yanayowasumbua wachezaji mpaka leo, mengine yalianza na kondoo waliojificha upepo na kuchimbua ardhi kwa kwato zao.

2. MFALME ANAKATAZA

Maandishi ya kwanza yanayotaja gofu katika nchi ile hayausifu mchezo. Yanaukataza! Mwaka wa 1457, wakati wa mfalme James wa Pili, Bunge la Uskoti liliamuru kwamba futuboli na gofu viachwe kabisa. Sababu ilikuwa vita. Waskoti walikuwa na adui, Waingereza, ambao walikuwa hodari sana kwa upinde na mishale. Mfalme alitaka vijana wake wajifunze kulenga mishale, na wao walikuwa wanapoteza siku wakifuata mpira mchangani.

Sheria ilisikilizwa? Tunaweza kujibu wenyewe. Mwaka wa 1471 ilibidi waikariri, na mwaka wa 1491 wakaikariri tena. Sheria inayokaririwa mara tatu ni sheria isiyofuatwa, na sisi tunaosimamia nidhamu ya wenzetu tunaijua alama hiyo. Mwisho wake ni wa kuchekesha. Mwaka wa 1502 mfalme James wa Nne alifanya mapatano ya amani na Waingereza, na mwaka ule ule daftari ya hazina yake inaonyesha kwamba alinunua fimbo za gofu. Alizinunua kwa nani? Kwa fundi wa kutengeneza pinde, katika mji wa Perth. Mkono uliokuwa unachonga silaha ukachonga fimbo ya mchezo.

3. SIKU YA MUNGU

Baada ya matengenezo ya Kanisa ya mwaka wa 1560, Uskoti ikawa nchi ya Waprotestanti, na wazee wa kanisa wakawa wakali sana juu ya Siku ya Mungu. Mwaka wa 1592 wakubwa wa mji wa Edinburgh walikataza gofu siku hiyo. Katika parokia mbalimbali, waliokamatwa wakicheza saa ya ibada waliitwa mbele ya wazee, wakalipishwa faini au wakalazimishwa kutubu mbele ya watu wote.

Tungeweza kufikiri kwamba habari hiyo imekwisha zamani. Sivyo. Mpaka leo kiwanja cha kale kuliko vyote katika mji wa St Andrews kinafungwa kwa wachezaji Siku ya Mungu, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa. Lakini hakifungwe kwa watu. Siku hiyo kila mtu anaruhusiwa kuingia: wazee wanatembea, watoto wanakimbia, wengine wanaleta mbwa wao. Nyasi zinapumzika miguu ya wachezaji, na wenyeji wanakumbuka kwamba mahali hapo ni pao.

4. VITA VYA SUNGURA

Hapa tunafika ku moyo wa habari yetu. St Andrews ni mji mdogo wenye chuo kikuu cha tangu karne ya 15. Mwaka wa 1552 askofu mkuu wa pale, John Hamilton, alitia mhuri ku barua moja. Barua hiyo ilimpa haki ya kufuga sungura katika sehemu ya ardhi ya pwani. Lakini pia ilikubali, kwa maandishi, kwamba watu wa mji wana haki ya kucheza gofu, kucheza futuboli na kufanya michezo mingine juu ya ardhi ile. Tukumbuke neno hilo: kwa maandishi.

Zaidi ya miaka 200 ikapita. Mwaka wa 1797 serikali ya mji ilikuwa na madeni mengi, ikauza ardhi ile. Barua ya mauzo iliacha haki ya gofu, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imeondoka mkononi mwa mji. Baada ya muda mfupi ikafika mikononi mwa wafanya biashara wa jamaa ya Dempster. Hawa hawakupenda gofu. Walipenda sungura, sababu nyama na ngozi ya sungura zilikuwa na soko. Basi wakafuga.

Wale kati yetu wanaofuga sungura nyumbani wanajua: ukiwa na wawili mwezi wa kwanza, mwisho wa mwaka huwezi tena kuhesabu. Sasa wafikirieni wakiachwa huru katika mchanga! Kiwanja kizima kikajaa mashimo. Mchezaji anapiga mpira kuelekea shimo moja, unaingia katika lingine, na humo kuko mwenyewe amelala. Wenye gofu wakalalamika, wenye sungura wakajibu kwamba wamenunua kwa pesa yao. Watu wakagombana palepale kiwanjani, na maneno yakapelekwa ku tribinali. Mwaka wa 1805 waamuzi waliwapa watu wa mji ruhusa ya kuua sungura wale. Maneno hayakuisha hapo, yakapanda mpaka London. Ugomvi wote ulichukua karibu miaka 20.

Mwaka wa 1821 tajiri mmoja jirani, James Cheape, ambaye yeye mwenyewe alipenda gofu, akanunua ardhi, na enzi ya sungura ikaisha. Kiwanja kikapona. Lakini watu wa mji walikuwa wamejifunza kitu. Tajiri mwema anakufa, na mtoto wake anaweza kuwa na mawazo mengine. Kwa hiyo mwaka wa 1894 Bunge lilitunga sheria, na ardhi ikarudi mikononi mwa mji. Na mwaka wa 1974, wakati mipango ya serikali za miji ilipobadilishwa, sheria nyingine ya Bunge ikaweka halmashauri ya pekee ya kuitunza kwa faida ya watu wote. Leo mgeni anayetoka mbali kucheza pale analipa pesa nyingi sana, lakini mwenyeji anapata tiketi ya mwaka kwa bei ndogo. Na barabara ya watu wote inakata kiwanja katikati mpaka leo. Wachezaji mashuhuri wa dunia wanasimama na kungoja mama na mtoto wake wapite.

Katika karne ya 19 wamama wa mji walikuwa bado wanaanika nguo juu ya nyasi za kiwanja. Watu wa gofu hawakuwafukuza. Walitunga kanuni: mpira ukianguka juu ya nguo, nguo ivutwe polepole chini ya mpira, na mchezo uendelee. Tunaipenda sana kanuni hiyo. Inaonyesha kwamba watu wawili wenye haki mahali pamoja wanaweza kupatana bila mmoja kumfukuza mwingine.

5. MASHIMO 18 YALITOKA WAPI?

Walimu wetu wa hesabu watafurahi hapa. Kwa nini 18, si 10 wala 20? Watu wengi wanafikiri kuko sababu kubwa. Hakuna. Kiwanja cha St Andrews kilikuwa chembamba na kirefu, kama barabara kando ya bahari. Watu walikwenda wakipiga mpaka mwisho, kisha wakarudi kwa njia ile ile, wakitumia mashimo yale yale. Mashimo yalikuwa 12, na 10 kati yao yalichezwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Basi 10 mara 2 ni 20, ongeza yale 2 yaliyochezwa mara moja: 22.

Mwaka wa 1764 waliona kwamba mashimo manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayageuza kuwa mawili. Yakabaki mashimo 10, na 8 kati yao yalichezwa mara mbili. Basi 8 mara 2 ni 16, ongeza 2: 18. Ndivyo hivyo tu! Viwanja vingine havikufanana hata kidogo. Leith kulikuwa mashimo 5, Prestwick 12, Musselburgh 7, kisha 8, kisha 9. Kila mji ulihesabu kufuatana na ardhi yake. Lakini kwa sababu St Andrews ilikuja kuheshimiwa kuliko mingine, dunia nzima leo inacheza 18 kwa kufuata wembamba wa kiwanja kimoja.

6. WAMAMA WAUZA SAMAKI WA MUSSELBURGH

Wadada wetu wasome hapa kwa makini, na wakaka pia wasome.

Karibu na Edinburgh kuko mji wa wavuvi unaoitwa Musselburgh. Zamani wanaume walivua, na wanawake walibeba samaki kwenda kuuza mjini. Walibeba kitunga mgongoni na kamba ikipita ku paji la uso, sawasawa na wamama zetu wa Kivu wanaobeba mizigo mpaka leo. Walikuwa na nguvu, na maneno yao yalikuwa makali. Mchungaji wa parokia ile, Alexander Carlyle, aliandika mwisho wa karne ya 18 kwamba wanawake hao walicheza gofu wakati wa mapumziko. Tena aliandika kwamba kila mwaka walikuwa na mechi ya futuboli kati ya wanawake walioolewa na wasioolewa, na walioolewa ndio walishinda siku zote.

Mwaka wa 1811 chama cha gofu cha Musselburgh kiliandaa mashindano ya wamama hao. Zawadi ya mshindi ilikuwa kitunga kipya cha samaki na shali, na kwa waliofuata vitambaa vya hariri vya Barcelona. Katika historia iliyoandikwa, hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya gofu kwa wanawake. Hawakuwa wake wa mabwana wakubwa. Walikuwa wauza samaki. Na waliweza kucheza kwa sababu kiwanja kilikuwa cha mji, hakikuwa na mlango wa kufungwa.

Sasa tulinganishe. Mwaka wa 1744, katika kiwanja cha Leith, bandari ya Edinburgh, mabwana kadhaa waliandika kanuni 13 za gofu, ambazo ni za kwanza kuandikwa. Mshindi wao wa kwanza alikuwa daktari, John Rattray. Mji ulipokua, Leith ikajaa watu, na chama hicho kikahamia Musselburgh katika miaka ya 1830. Musselburgh nayo ikajaa. Kwa nini ilijaa? Kwa sababu ya mpira. Zamani mpira wa gofu ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya ya ndege, kofia nzima ya manyoya kwa mpira mmoja. Fundi hodari alimaliza mipira michache tu kwa siku, na bei ilikuwa ya matajiri. Mwaka wa 1848 ukaja mpira mpya uliotengenezwa kwa utomvu wa miti ya Malaya, nao ulikuwa wa bei ndogo na wa kudumu. Basi fundi, karani na mfanya kazi wa kiwanda wakaanza kucheza pia.

Mabwana wakaona watu wamekuwa wengi. Mwaka wa 1891 wakaondoka tena, wakaenda kufungua kiwanja chao wenyewe, Muirfield, chenye ukuta na lango. Ni kiwanja kizuri sana, kila mtu anakisifu. Lakini mwanamke hakuweza kuwa mwanachama wa chama hicho kwa miaka zaidi ya 120 iliyofuata. Mwaka wa 2016 wanachama walipiga kura juu ya neno hilo, na waliokubali hawakutosha. Wakubwa wa gofu wakasema Muirfield haitapewa tena mashindano makubwa. Mwaka wa 2017 wakapiga kura mara ya pili, safari hii wakakubali. Wauza samaki wa mwaka wa 1811 walikuwa wametangulia mbele kwa miaka zaidi ya 200.

Na kiwanja cha Musselburgh? Kiko, mashimo 9, kimezungukwa na njia ya mbio za farasi, na mtu yeyote anaweza kulipa na kucheza.

7. GOFU INAFIKA KWETU

Waingereza na Waskoti walipokwenda kutawala nchi za watu, walibeba gofu katika mizigo yao. Calcutta, kule India, ilipata chama cha gofu mwaka wa 1829. Mwaka wa 1898 Mmarekani mmoja, Haskell, alibuni mpira mpya wa gofu wenye nyuzi za mpira wa miti ndani yake. Miaka hiyo dunia nzima ilikuwa inatafuta mpira wa miti kwa magurudumu na kwa vitu vingi, na sisi Wakongo tunajua mababu zetu waliteswa namna gani msituni juu ya utomvu huo, wakati nchi ilikuwa mali ya Léopold wa Pili.

Kisha wakoloni wa Ubelgiji wakajenga miji. Katika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, mji wa wazungu ulitengwa na cité ya watu weusi. Kati yao waliacha ardhi tupu iliyoitwa zone neutre. Sababu iliyotolewa na wakubwa wa afya ilikuwa mbu: walisema mbu wa malaria akiuma mweusi hataweza kuruka mbali mpaka kumfikia mzungu. Tangu miaka ya 1930 ardhi hiyo ya katikati ilitiwa vitu vya kupendeza: bustani ya miti, bustani ya wanyama, na kiwanja cha gofu. Mtu mweusi alipita mchana kwenda kazini, na jioni alirudi kwake. Usiku, bila karatasi ya ruhusa, hakuwa na haki ya kuonekana upande ule.

Tuone basi mambo ginsi yalivyogeuka. Kule Uskoti kiwanja cha gofu kilikuwa mahali ambapo watu wa namna zote walikutana: askofu, fundi, muuza samaki, mchunga kondoo. Kilipofika kwetu, kiwanja kile kile, nyasi zile zile, kikawa ukuta. Hakuna tofali hata moja, lakini ukuta. Kiwanja hakina kosa. Nyasi hazijui rangi ya mtu. Jambo ni moja: nani ameandikiwa ardhi hiyo, na kwa nia gani.

8. NA KIWANJA CHETU?

Hatukuandika haya yote kwa kutafuta kuonyesha elimu. Tuko na kiwanja sisi pia. Si cha gofu, ni cha futuboli, na upande wa chini kile cha voleboli ambacho wadada wanatumia. Waanzilishi wa masomo yetu walikiacha wazi kwa makusudi. Lakini kila mmoja ana macho. Njia ya miguu iliyopita kando sasa inapita ndani ya kona. Upande wa mto mashamba ya mihogo yamesogea, mwaka hatua mbili, mwaka mwingine hatua tatu. Katika likizo ya mwisho watu wamekuja na kamba ya kupimia, na kuko tofali zilizowekwa mahali ambapo zamani tulisimamisha bendera ya kona. Hatutaji jina la mtu. Si kazi yetu kuhukumu, wakubwa wako. Tunasema paka lile tulilojifunza katika historia ya wengine.

Jambo la kwanza: haki isiyoandikwa ni nyepesi. Watu wa St Andrews waliweza kusema mbele ya tribinali kwa sababu barua ya mwaka wa 1552 ilikuwako. Tunaomba kwa heshima Bwana Prefe na wakubwa wa kanisa watafute hati ya ardhi ya masomo, watengeneze kopi, na kopi moja ikae mbali na hapa. Karatasi moja katika sanduku moja, panya mmoja anatosha kuimaliza.

Jambo la pili: kiwanja kisichotumiwa kinaonekana kama hakina mwenyewe. Tukicheza pale kila juma, wakaka na wadada, mtu hatasema aliona majani tu. Tena wadada wasisukumwe pembeni kila mara timu ya wakaka inapotaka mazoezi. Tukiwafukuza wenzetu ku kiwanja cha wote, tutasema nini siku tutakapofukuzwa sisi?

Jambo la tatu: mpaka lazima uonekane. Komite ya wanafunzi imepatana kwamba salongo ya Siku ya Posho zijazo tatu itakuwa kupanda miti ya mpaka pande zote nne. Mwaka wa kwanza na wa pili wataleta miche, mwaka wa tatu na wa nne watachimba, mwaka wa tano na sisi wa sita tutapanda na kumwagilia. Wamama wa jirani wanaopita na mizigo wasizuiwe. Tutawaachia njia pana upande wa juu, kama wale wa Uskoti walivyoacha barabara yao.

Sisi wa mwaka wa sita, baada ya mtihani wa serikali tunaondoka, hatutacheza tena hapa. Lakini kuko wadogo zetu ambao leo wanasoma shule ya msingi kule kilimani, wanaoshuka kila jioni kutuangalia tukicheza. Wakifika mwaka wa kwanza, wakute kiwanja na upana wake wote.

Miche iletwe Siku ya Posho saa moja ya asubuhi. Anayekosa jembe amuone kapita wa kalasi yake.

Kwa niaba ya komite ya wanafunzi,
Kapita wa masomo, mwaka wa sita.